LORI LETU LINATUVUTISHA MOSHI, TUNAAMBIWA TUFUNGUE MADIRISHA

Ndugu wanachama,

Lori la chama linavuja moshi ndani ya kabini. Si siri. Kila aliyepanda mbele tangu msimu wa viazi uanze anajua, kwa sababu ameshuka na macho mekundu, kichwa kinamgonga, na nguo zinanuka utadhani kalala jikoni. Dereva anajua. Utingo anajua kuliko wote. Kamati nayo inajua, maana imeambiwa kikaoni mara mbili. Na majibu ya Kamati mara zote mbili yalikuwa haya: wafungue madirisha, na chama kitatoa maziwa nusu lita kwa dereva kila safari.

Ndiyo, maziwa. Yamo kwenye muhtasari wa kikao, anayebisha akasome.

Mimi napinga majibu hayo. Nasema lori lisimame, moshi utafutwe mpaka paonekane unapotokea, pazibwe, ndipo lori litembee. Najua wapo wanaosema tayari kwamba viazi vitaoza. Kwenye viazi tutafika.

Kwanza tujue tunavutishwa nini. Moshi wa injini una vitu vingi, na kimojawapo ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikerezi koo. Mnachonusa ni vitu vingine vilivyomo katika moshi huo huo. Hii yenyewe inapita kimya kimya. Ndiyo hewa ile ile ya jiko la mkaa. Huku kwetu kwenye baridi nani hajasikia habari ya watu waliolala na jiko chumbani, mlango umefungwa, asubuhi wakakutwa wamekufa bila jeraha hata moja? Watoto tunawaonya kila siku: jiko litoke nje kabla hamjalala. Halafu dereva wetu tunamfungia ndani ya kisanduku cha bati pamoja na jiko kubwa kuliko yote kijijini, tunampa maziwa.

Mwilini hewa hii inafanya kazi hivi. Damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni kwa kutumia kitu kinachoitwa himoglobini. Kaboni monoksaidi inaing'ang'ania himoglobini hiyo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ni kama abiria aliyekalia kiti cha mwenzake na hataki kushuka: oksijeni inabaki kituoni. Mtu anapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu. Kichwa kinaanza kuuma, kinafuata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, mawazo yanachanganyika. Ikizidi ni usingizi, na katika usingizi huo mtu anaweza asiamke. Sasa mchukueni mtu wa namna hiyo, mwekeni kwenye usukani katika kona za mteremko wa kwenda Makambako, nyuma ana tani za viazi na juu ya viazi kuna watu.

Maziwa yanasaidia nini hapo? Maziwa yanakwenda tumboni. Hewa hii haikupita tumboni, imepita mapafuni na kuingia kwenye damu. Dawa yake ni kumtoa mtu kwenye moshi apumue hewa safi, na akizidiwa apelekwe hospitali apewe oksijeni. Hata ukishatoka nje, nusu ya hewa hiyo inachukua kama saa 4 au 5 kutoka katika damu. Kwa hiyo dereva anayefika sokoni, akashusha mzigo, akapumzika saa moja, akanywa nusu lita yake na kugeuza gari, anaanza safari ya kurudi akiwa bado amebeba moshi wa safari ya kuja. Anywe maziwa, ni chakula kizuri, simnyimi. Lakini tusiyaite matengenezo ya lori.

Mjumbe mmoja, ambaye kwa mambo mengine namheshimu, alisema lori letu ni la dizeli na dizeli haina sumu hiyo, yenye sumu ni petroli. Kasema nusu ya ukweli. Ni kweli injini ya zamani ya petroli hutoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko ya dizeli. Lakini kutoa kidogo si kutotoa. Na dizeli anayoisema yeye ni ile yenye nozeli nzima na chujio safi la hewa. Ya kwetu kila ikipanda kilima inatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Moshi mweusi maana yake mafuta hayaungui yakaisha, na mafuta yasiyoungua yakaisha ndiyo yanayozaa hewa hiyo. Zaidi ya hapo, moshi wa dizeli una masizi membamba yanayoshuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na hewa nyingine za kuchoma macho na koo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Kundi hilo hilo ndilo lenye moshi wa sigara. Dereva wetu havuti sigara. Chama kinamvutisha.

Wengine wanasema ni malaria. Utingo alikwenda zahanati, kipimo kikaonyesha hana vijidudu, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, akarudi kazini. Ndugu zangu, malaria haipandi lori. Ugonjwa unaoanza ukiwa safarini, ukapungua ukilala kwako usiku, ukarudi kesho ukipanda tena, na unaowashika wawili waliokaa kabini moja kwa saa ile ile, huo ni wa kwenye kabini. Mtakaokwenda zahanati mwambieni mganga kwanza kabisa: nimekaa ndani ya moshi wa gari. Msipomwambia hawezi kujua. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni huonyesha namba nzuri wakati mtu ameathirika, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hewa hii.

Haya, madirisha. Saa kumi ya alfajiri, Juni au Julai, huku kwetu nani anaendesha gari vioo vimeshushwa? Dereva anavishusha akiondoka ofisini mbele ya Katibu, akipita shule anavipandisha. Simlaumu. Lakini hata angevumilia baridi, lori likiwa linakimbia, upepo unaopita nje ya dirisha lililo wazi unaweza kuinyonya hewa ya ndani. Hewa iliyonyonywa lazima nafasi yake ijazwe, nayo inajazwa kutoka kwenye matundu ya sakafu, huko huko uliko moshi. Kwenye gari lililotoboka chini, dirisha linaweza kukuongezea badala ya kukupunguzia. Na lori likisimama kwenye foleni ya mizani injini ikinguruma, hakuna upepo wa kufukuza kitu. Moshi unakusanyika chini ya kabini na kupanda pole pole. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, na hapo ndipo dereva na utingo wanapojifunika koti na kusinzia. Kufungua dirisha ni jambo la kufanya ukigundua moshi, ili upate kusogea pembeni, usimame, uzime injini, ushuke. Si namna ya kuendesha lori msimu mzima.

Zamani katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza wachimbaji walikufa sana kwa hewa hii baada ya milipuko. Mtaalamu John Scott Haldane alichunguza maiti katika miaka ya 1890 akaonyesha kwamba wengi hawakuuawa na moto wala vifusi, waliuawa na kaboni monoksaidi. Akashauri wachimbaji waingie na wanyama wadogo. Wakawa wanabeba ndege wadogo wa njano ndani ya tundu, kwa sababu ndege huyo huanguka kabla binadamu hajahisi kitu. Ndege hao walitumika Uingereza mpaka mwaka 1986. Siku hizi wanatumia mashine. Sisi tunamtumia utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, anayekalia kifuniko cha injini kwa sababu kina joto.

Na si utingo peke yake. Lori hili ndilo gari letu la wagonjwa usiku. Mama mjamzito mwenye uchungu anapandishwa mbele, kwa heshima, asipigwe na baridi, vioo vinafungwa. Mtoto aliye tumboni anadhurika kwa hewa hii kuliko mama yake, na inamtoka taratibu kuliko inavyomtoka mama. Kwa hiyo pale mbele, kwenye kiti cha heshima, tunamweka asiyeweza hata kusema kichwa kinauma.

Atakayesema moshi hauui watu wazima wenye afya, akaulize habari ya Balvano, kusini mwa Italia. Mwezi wa Machi 1944 treni ya makaa ilikwama kwenye mlima ndani ya handaki, moshi wa injini zake wenyewe ukajaa mle. Walikufa zaidi ya watu 500. Behewa halikupinduka wala halikuungua.

Sasa habari ya gereji. Mwezi uliopita lori lilipelekwa gereji moja ya mjini, likarudi na risiti na maneno kwamba "limeangaliwa". Nimelala chini yake mwenyewe. Nimekaa chini ya malori miaka mingi kuliko niliyokaa juu. Nilichokiona ni kwamba sailensa imekatwa ikatupwa, na bomba la moshi sasa linaishia katikati, chini ya kabini pale pale. Moshi uliokuwa ukitokea nyuma kabisa ya gari sasa unatokea chini ya miguu ya dereva. Huko ndiko kuangaliwa. Na ndani, sakafu iliyooza kwa kutu imefunikwa kapeti jipya. Kapeti la chama, ndugu wanachama, limenunuliwa kwa fedha za chama kufunika tundu la chama.

Moshi hautafutwi kwa kunusa. Kila mtu akishuka anasema unatoka upande wake, na pua ikishazoea haisemi tena. Unatafutwa kwa macho, masikio na mikono, na kazi yenyewe haihitaji mhandisi kutoka mkoani. Hufanyika mahali pa wazi, si ndani ya ghala, na injini haiwashwi ndani ya ghala kwa sababu yoyote ile.

Anza asubuhi injini ikiwa baridi. Iwashe, sikiliza upande wa manifoldi, pale bomba la moshi linapoungana na injini. Gasketi iliyoungua hulia tik, tik, tik, kwa kufuata mapigo ya injini. Usikie mapema, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka, tundu linajibana, sauti inapotea. Ndipo fundi anayekuja saa nne anasema hakuna kitu. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe kwenye maungio, mbali na feni na mikanda. Utasikia pale pale panapopuliza. Tena tazama rangi: moshi unaovuja huacha alama nyeusi ya masizi inayotawanyika kutoka kwenye ufa. Hesabu boliti za manifoldi. Mimi nimehesabu za kwetu, mbili hazipo.

Halafu mtu mwenye glavu nzito azibe mdomo wa bomba kwa gunia lililolowa, sekunde chache tu, injini ikiwa kwenye saileni. Moshi ukikosa njia ya nyuma utapuliza kwenye kila ufa, na atakayekuwa ameinama pembeni atausikia. Njia nyingine ni kuzima injini, kuiacha ipoe, kisha kijana wa pancha alete kompresa yake apulize hewa kidogo ndani ya bomba huku limezungushiwa kitambaa. Paka maungio yote povu la sabuni. Panapovuja patatoa mapovu, hata mtoto ataonyesha kwa kidole. Msisahau pumzi ya injini yenyewe, ile inayotoka kwenye bomba dogo la juu. Injini iliyochoka hupumua moshi wa oili iliyoungua, na kama bomba hilo limechomoka, pumzi yote inaishia chini ya kifuniko.

Kuziba chanzo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kabini. Lori letu halina pua. Kabini imekalia injini, na kati ya viti viwili kuna kile kifuniko anachokikalia utingo. Mpira wake wa pembeni umekauka na kukatika, na vibanio viwili kati ya vinne havibani. Hilo peke yake ni dirisha la kuingizia moshi. Toa kapeti. Toa viti. Usiku wa giza mtu mmoja aingie ndani na tochi kali, wengine walale chini watazame: kila mwanga unapotokeza, moshi unaingilia hapo. Mchana fanya kinyume chake, funika vioo vyote kwa mablanketi, kaa ndani kimya mpaka macho yazoee, utaona nyota kwenye sakafu. Angalia inapopita pedeli ya klachi na ya breki, shina la usukani, mpira wa gia, na matundu ya nyaya za umeme. Angalia vumbi pia. Vumbi jekundu lililochora mstari ndani ya kabini linakuonyesha ufa, na njia ya vumbi ndiyo njia ya moshi.

Kuna wanaoshauri tuzibe sakafu tu, bomba tuliache, eti ni rahisi. Hapana. Walioko nyuma chini ya turubai nao wanapumua. Na ufa wa bomba unaopuliza moto karibu na nyaya na mirija ya mafuta siku moja utawasha kitu kingine. Bomba kwanza, sakafu baadaye, na bomba lirefushwe mpaka nje ya bodi kama lilivyokuwa.

Mkimaliza, jaribuni. Dereva aendeshe pole pole, mwenzake ashike kipande cha dawa ya mbu kinachofuka akisogeze kwenye pedeli na pembeni ya kifuniko. Moshi wake ukisukumwa kuja ndani, bado kuna tundu. Vipo pia vifaa vidogo vya betri vinavyopiga kelele vikihisi kaboni monoksaidi. Chama kinunue kimoja kikae kwenye kabini. Hakitakuonyesha ufa uko wapi, lakini hakizoei harufu wala hakimwogopi Mwenyekiti.

Nimesikia hesabu ya Kamati kwamba fedha hazitoshi. Hesabu hiyo naikataa. Mwaka huu zimepatikana fedha za kupaka kabini rangi, kuandika jina la chama ubavuni na kununua kapeti. Gasketi moja, boliti mbili, kipande cha bomba, kazi ya kuchomelea siku moja, bati la kuziba sakafu na mpira wa kifuniko haviwezi kuishinda rangi. Tumeng'arisha nje wakati ndani watu wanasinzia kwa sumu.

Na viazi? Lori likisimama siku tatu, kila mwanachama ana gunia lake ghalani, yamo na yangu. Viazi vilivyokwisha kuchimbwa, vikiwa vikavu, kwenye kivuli chenye hewa, haviozi kwa siku tatu. Vinakaa wiki kadhaa. Anayetuambia vitaoza Jumatano hajawahi kulima viazi, au ana mteja wake sokoni anayemngoja. Kama kuna mzigo wa lazima, tukodi gari siku moja, gharama tugawane kwa magunia.

Katika mkutano wa Alhamisi nitaomba mambo haya yapigiwe kura kwa mikono, si kwa mnong'ono: ufunguo wa lori ukae kwa mtunza ghala mpaka moshi uishe, usiku asipandishwe mgonjwa kabini, tutafute gari jingine, utingo na dereva walipwe siku ambazo lori limesimama, maana si wao waliolitoboa, na gereji iliyokata sailensa iitwe ieleze iliipeleka wapi.

Jumamosi baada ya kupima mizigo, wenye nafasi waje uwanjani nyuma ya ghala. Leteni tochi, mablanketi ya zamani, mche wa sabuni na ndoo. Kijana wa pancha ameshakubali kuleta kompresa. Injini haitawashwa Ijumaa jioni, nataka tuikute baridi.

Mwanachama, tawi la juu